Zulia la Juu

Kirua Vunjo,
Jumapili, 18 Agosti 1996

Mdogo wangu Basili,

Nakuandikia nikiwa nimeketi kwenye kibaraza cha jikoni, baada ya misa ya pili, na jambo la kwanza ni kukujulia hali. Wewe hujambo? Wifi yangu Loveness naye? Na Antoni mdogo, kile kikohozi ulichokitaja kwenye barua ya Pasaka kimekwisha? Kama bado, mpeleke apimwe, usitegemee majani peke yake. Mimi ni mzima wa afya, isipokuwa bega la kulia, ambalo huanza kuuma saa nane mchana na kuacha nikishalala. Ni bega la kazi, halina dawa.

Baba yupo. Siwezi kuandika kwamba hajambo. Tangu mwezi wa tatu miguu yake inavimba, na viatu vyote vimemkataa, hata vile vya matairi. Nilimpeleka mjini. Daktari alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, kisha akaniita nje na kunieleza kwamba moyo umechoka, kwamba dawa zitapunguza maji mwilini lakini hazitaurudisha moyo ulivyokuwa. Nilimwuliza ni muda gani umebaki. Akasema hawezi kutaja, ila kama kuna watu wa kuja kumwona, waje mwaka huu. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema. Baba hayajui, au anayajua na hasemi, wewe unamfahamu.

Barua hii anakuletea Denis, yule wa mahindi, ambaye hupita Tarakea kila Jumatano. Ameniambia analijua duka unalochukulia barua. Nimemwomba asisubiri jibu, kwa hiyo usiandike lolote mpaka umesoma hadi mwisho.

Habari za shamba ni za kawaida. Ng'ombe amezaa ndama jike. Mvua za Aprili zilibomoa mfongo wa maji kule juu kwa akina Eliona, wanaume wakauziba kwa siku mbili, na sasa maji yanafika kwetu tena kila Alhamisi. Kahawa iliyobaki imeanza kuiva. Siku hizi wanunuzi binafsi wanakuja hadi mlangoni na mizani yao ndani ya pikapu. Baba huwasikiliza mpaka mwisho, huwauliza ni watoto wa nani, kisha huwaeleza kwamba kahawa yake inajua njia moja tu, ya chama cha ushirika, na kwamba ni kizee kama yeye, haiwezi kujifunza njia nyingine. Huondoka wakicheka.

Sasa nikueleze jambo lililonifanya nichukue karatasi nne badala ya moja.

Unajua kwamba tangu niliporudi kutoka Dar es Salaam baada ya kufiwa na mume wangu, ninafuma katika karakana ya akina mama, kule chini karibu na barabara ya lami. Miaka ya kwanza tulifuma mikeka ya katani na mablanketi mepesi. Mwaka jana akaja fundi mpya anayeitwa Primus, mtu wa Old Moshi, mpole, anayesema kidogo kuliko mashine yake. Alifanya kazi miaka kumi na tisa katika kiwanda cha mazulia, kiwanda kikauzwa, mwenye kukinunua akaondoa mitambo na kuweka magunia ya sukari. Primus akarudi nyumbani na kisu chake cha kazi kimefungwa kwenye kitambaa.

Yeye ndiye aliyetufundisha kufuma mazulia mawili kwa mara moja. Nitakueleza inavyofanyika, maana bila hilo hutaelewa yaliyofuata. Kwenye mtambo wa mbao unatandika nyuzi za mtande safu mbili, moja juu ya nyingine, na katikati unaacha nafasi ya upana wa vidole viwili. Safu ya chini inapata mshindio wake, yaani uzi unaopita kukingama, ya juu inapata wake, kwa hiyo unafuma vitambaa viwili vinavyotazamana kama sakafu na dari. Ndani ya ile nafasi unapitisha sufu ya rangi. Unaizungusha kwenye uzi wa chini, unaipandisha, unaizungusha kwenye uzi wa juu, unaishusha tena. Kisha unagonga kwa chanuo la chuma mpaka kila kitu kikaze, na hapo ndipo bega langu lilipokwisha. Ukifika mwisho, vitambaa vile viwili vimeshikana kwa maelfu ya nyuzi za sufu zilizosimama wima. Fundi anachukua kisu kirefu, chembamba kama wembe, anakipitisha katikati polepole kutoka upande mmoja hadi wa pili, na nyuzi zinakatika nusu kwa nusu. Vitambaa vinaachana. Una mazulia mawili, kila moja na manyoya yake, kwa muda ambao wengine wamemaliza moja.

Ubaya ni kwamba sura ya zulia inabaki ndani. Unakaa miezi unafuma na huoni kitu ila migongo. Unachofuata ni mchoro wa karatasi yenye vyumba vidogo, chumba kimoja kwa kila uzi wa sufu. Theodora, ambaye hukaa na mimi kwenye mtambo, mimi kulia yeye kushoto, alisema ni kama kupika mtori kwenye sufuria lililochomelewa mfuniko, halafu wageni wako sebuleni. Primus alimjibu kwamba huko kiwandani walipika hivyo miaka kumi na tisa na hakuna mgeni aliyelalamika. Ilikuwa kweli. Ila kiwandani walifuma maua na miraba tu.

Mwezi wa Februari alikuja Mzee Ebenezeri, mtu wa Machame, anayejenga hoteli mjini Moshi kwa ajili ya wageni wanaopanda mlima. Alitaka mazulia mawili ya kutundika ukutani, moja kila upande wa mlango wa mapokezi, yote yakiwa na mlima, Kibo na Mawenzi, na yafanane kabisa. Alirudia neno hilo la kufanana mara tatu. Primus akamwahidi kwamba yatafanana kuliko mapacha, kwa sababu yatazaliwa pamoja. Tukaanza.

Wiki ya tatu mvua ilipenya darini ikaulowanisha mchoro. Theodora akaubandika kwenye kioo cha dirisha ukauke. Mimi nilikuwa nje naanua sufu iliyotoka kwenye rangi, na niliporudi nikaiona ile karatasi kwa nyuma, mwanga wa taa ya ndani ukiwa unapita, michoro yote ikionekana. Kibo ilikuwa kulia na Mawenzi kushoto. Nilisimama pale na sufu inanichuruzikia rangi ya bluu miguuni.

Nilikumbuka barua yako ya kwanza kutoka Loitokitok, upande wa Kenya, ya mwaka 1991. Uliandika kwamba huko mlima umegeuka, kwamba kila asubuhi unatoka nje na kuona Mawenzi iko kushoto na Kibo kulia, kama mtu aliyevaa viatu vya kuume na kushoto kinyume, na kwamba mwaka mzima hukuweza kuuzoea. Barua ile niliisoma migombani, nikairudia mara nyingi.

Pale dirishani nikaelewa mazulia yetu yatakuwaje. Wewe ulikuwa ukimwaga wino kwenye daftari na kulifunga ili Baba asione. Ukilifungua, doa la ukurasa wa kushoto limejipiga kwenye ukurasa wa kulia, lakini limegeuka. Mazulia yanayotazamana ni hivyo hivyo. La chini lingetoka kama mchoro. La juu lingetoka na mlima wa upande wako. Kwa maua haionekani, ua ni lile lile ukiligeuza. Mlima una kushoto na kulia, na hapa kwetu hata mtoto wa chekechea anakijua kilele cha kushoto na cha kulia.

Tulikuwa tumefuma sentimita thelathini tu. Ningesema siku ile, tungefumua kwa siku nne na kuanza upya, zulia moja moja, na mambo yangekwisha. Sikusema. Nilitaka kuliona. Nilitaka nikae chini na kuufuma, uzi kwa uzi, mlima unaouona wewe, kwa kuwa sijawahi kufika huko na sikuwa na njia nyingine ya kukaa karibu nawe. Sina sababu bora kuliko hiyo. Nilifuma hadi mwezi wa sita, na kila Theodora aliposema anaombea la chini litoke vizuri, mimi nilikuwa nafikiri la juu.

Siku ya kukata walikuja akina mama wote. Primus alinoa kisu, akavua saa ya mkononi, akaanza. Ilichukua muda wa kuchemsha maharage. Zulia la chini lilipofunuliwa watu walipiga makofi, na kwa haki: theluji ya Kibo ilikuwa nyeupe ya maziwa na chini yake msitu, na chini ya msitu migomba. Kisha wakageuza la juu. Makofi yaliishia njiani. Theodora aliinamisha kichwa upande mmoja, halafu upande wa pili, kisha akauliza kwa sauti ya upole ni nani aliyeusogeza mlima. Bibi mmoja alisema hilo ni zulia la kutazamia kwenye kioo. Primus aliketi kwenye benchi, akakifunga kisu chake kwenye kitambaa, akafunga fundo, akalifungua, akalifunga tena.

Mzee Ebenezeri alikuja Jumatatu. Tulimwamkia, akaitikia, akatazama, akacheka kwanza, na kicheko chake kilikuwa kibaya kuliko hasira. Alisema Wakenya tayari wanawaambia wazungu kwamba mlima ni wao, na sasa akina mama wa Vunjo wamewafumia ushahidi. Alisema mgeni atalala hotelini kwake, ataangalia ukutani, atatoka nje ataangalia juu, na atadai kwamba amepelekwa nchi isiyo yake. Akina mama wengine walicheka, wakajizuia. Kisha akamgeukia Primus na kumwambia kwamba fundi asiyejua kushoto na kulia asishikishwe kisu. Mwenyekiti wetu wa karakana naye akaingia, akauliza kama huko kiwandani ndivyo walivyokuwa wakifuma, na kama ndiyo maana kiliuzwa. Maneno yakawa mengi. Wapo waliosema kwamba aondoke, arudi kwao Old Moshi.

Primus alisimama, mikono nyuma, kama mtoto wa shule. Alisema, "Kosa ni langu peke yangu."

Basili, maneno hayo nimeyasikia mara mbili maishani mwangu. Mara ya kwanza yalisemwa na wewe, na nilikuwa zizini, nyuma ya ubao, na majani ya ng'ombe mkononi. Unayajua yote nitakayoandika sasa, lakini sijawahi kuyaandika popote, kwa hiyo niruhusu. Ilikuwa Septemba 1989. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, na ulisema nyanya zitatutoa. Mimi nilikubali, kwa kinywa changu mwenyewe. Baba alikwenda Marangu kwenye msiba wa shangazi, akakaa siku tatu, na kwa siku hizo tatu tuling'oa mibuni thelathini na miwili aliyoipanda na baba yake. Wewe uling'oa ishirini na mmoja. Mimi niling'oa kumi na mmoja. Aliporudi alisimama pale kwenye mashimo bila kuvua koti la msiba, akauliza ni nani. Ukamjibu kwamba umeng'oa wewe, peke yako. Akakuuliza tena. Ukarudia. Akakuambia uondoke na jembe lako. Wewe ni mtoto wa mwisho wa kiume, nyumba hii ilikuwa yako kabla hujazaliwa, na ukaondoka na jembe tu mkononi. Mimi sikutoka zizini.

Najua uliniambia mapema ninyamaze. Ulisema mwanamume anaweza kuanza popote, lakini dada aliyerudi kwa baba yake akiwa mjane akifukuzwa hana pa kwenda. Ilikuwa kweli, na niliishika kweli hiyo kwa miaka saba kama mtu anavyoshika nguzo.

Kwa hiyo Primus aliposema maneno yale, nilisimama. Nilieleza kwamba nililijua kosa tangu wiki ya tatu, nikaeleza lile dirisha na ile karatasi, na kwamba fundi hakuwa na njia ya kujua kwa sababu maisha yake yote alifuma maua. Niliongea kwa dakika labda mbili. Theodora alinitazama, akaniambia kwa Kichagga neno ambalo siwezi kuliandika siku ya Jumapili. Mwenyekiti akaniuliza kama nina akili timamu. Nikasema ninazo. Waliamua kwamba nimfumie Mzee Ebenezeri zulia jingine, la safu moja, kwa muda wangu, na kwamba lile lililogeuka nilichukue liondoke machoni pao. Primus amebaki kazini. Zulia la mzee nalimaliza kesho kutwa, na Theodora amerudi kuzungumza nami tangu wiki iliyopita, ingawa kila ninapokaa kwenye mtambo huniuliza leo naupeleka mlima wapi.

Watu walipotawanyika Primus aliniuliza swali moja tu, kwa nini. Nilimweleza kwamba nina ndugu anayeuona mlima hivyo. Kisha akachukua mkasi, akayapunguza manyoya ya kando yaliyokuwa hayajakaa sawa, akalikunja lile zulia na kunitwisha.

Nililipandisha nyumbani kichwani. Nilikuwa na nia ya kulikabidhi kwa Denis akuletee, lakini Denis alikuwa amekwishapita wiki ile, na chumba cha Baba kina sakafu ya saruji, na miguu yake ilikuwa baridi. Nikalitandika mbele ya kitanda chake alipokuwa amelala mchana. Nilifikiri ni la siku chache.

Asubuhi ya pili nilimletea uji nikamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu yote miwili juu ya msitu, anatazama chini. Aliniomba miwani. Alitazama kwa muda mrefu kiasi kwamba uji uliota ngozi. Kisha akaniuliza mlima huo unatazamwa ukiwa wapi. Nikamjibu, Loitokitok. Alichukua kikombe, akanywa nusu, akakiweka chini.

"Ndiko aliko Basili?"

Ninavyokumbuka, ni mara ya kwanza kulitaja jina lako tangu siku ile. Miaka yote hii, ikibidi, alisema "yule aliyevuka." Nilisema ndiyo, ndiko aliko, analima nyanya na vitunguu kwa maji ya mfereji, ana mke, ana mtoto wa kiume wa miaka minne. Akauliza mtoto anaitwa nani, ingawa alijua, maana mtoto wa kwanza wa kiume ana jina moja tu analoweza kupewa, la babu yake. Nilimwambia. Akauliza kama naye anatumia mkono wa kushoto kama wewe. Sikujua. Hilo unijibu.

Ndipo nilipoweka sinia chini na kupiga magoti. Nilimwambia kwamba ile mibuni Basili hakuing'oa peke yake. Nilitaka kuendelea, na nilikuwa nimeshafungua kinywa, lakini Baba alinitangulia.

"Kumi na mmoja," akasema.

Sikuwa nimetaja idadi, Basili. Hakuna anayeijua ila mimi na wewe.

Alinieleza bila kupandisha sauti, kama anavyoeleza habari za mipaka ya shamba. Alisema wewe unachimba kwa mkono wa kushoto, na udongo wako huangukia upande wa mfongo. Siku ile, akiwa amesimama pale na koti la msiba, aliona mashimo ishirini na moja udongo ukiwa upande wa mfongo, na kumi na moja udongo ukiwa upande wa migomba. Alihesabu mara mbili. Alijua ni mikono ya watu wawili kabla hajauliza swali. Alikufukuza, alisema, kwa sababu ulisimama mbele ya mashimo yale na kumwambia peke yako, ukamrudia peke yako, na aliona hawezi kumwachia kihamba, shamba la ukoo, mtu anayemdanganya usoni. Jioni ile ile alielewa ulikuwa unamficha nani. Lakini ulikuwa umekwishapita Tarakea.

Nilimwuliza kwa nini basi hakuniita. Nilikuwa ndani ya nyumba yake, nampikia, namfulia, miaka saba. Alitazama miguu yake.

"Ningekuuliza, ungesema kweli. Ningelazimika kukufukuza na wewe kwa kuunyamazia uongo ule. Ningebaki na nani?"

Nilipeleka vyombo jikoni, nikakata majani ya ng'ombe, nikachelewa kazini kwa mara ya kwanza mwaka huu.

Hayo ndiyo niliyotaka uyajue. Nilimwambia. Nilichelewa miaka saba, na wewe uliibeba sehemu yangu pamoja na yako, na katika barua zako zote hukunikumbusha hata mara moja. Nisamehe. Sitaliandika mara ya pili kwa sababu nimeliandika mara moja nikiwa nalimaanisha.

Kuhusu zulia. Jumatano iliyopita Denis alipita, nikaingia chumbani kulikunja. Nilimweleza Baba kwamba ni lako, kwamba nililifuma kwa ajili yako na wewe ndiye unayepaswa kulipata. Alikuwa amelala. Alijiinua, akashusha miguu yote miwili, akaiweka moja juu ya Kibo na nyingine juu ya Mawenzi, na miguu hiyo sasa ni mizito kweli. Alisema halitoki. Alisema mwenye nalo alifuate. Nikamwuliza kama nikuandikie hivyo hivyo. Akasema niandike hivyo hivyo, na niongeze kwamba usije na nyanya.

Kwa hiyo nimeandika.

Njoo kabla ya mvua za vuli, barabara ya Tarakea bado ikiwa kavu, na kama Loveness anaweza kuacha shamba, njoo naye na mtoto. Chumba chako nimekifagia. Kulikuwa na madebe tu. Akina Eliona wanakusalimu, na Primus pia, ingawa hakujui. Msalimie sana wifi yangu na umbebe Antoni mgongoni kwa niaba yangu.

Ukifika mchana yaelekea utamkuta Baba amelala. Usimwamshe. Vua viatu mlangoni, keti kwenye kiti kilicho karibu na kitanda, weka miguu yako hapo kwenye zulia, pembeni. Ataamka mwenyewe.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Mektrida